Mkono wa Kuazima

Mtandao, kwetu Uru, haufiki zahanati.
Unaishia kwenye kahawa za Shirima,
hatua tatu juu ya mfongo,
karibu na pale ng'ombe wake anapokojolea.
Hapo ndipo tulipoweka benchi.
Hapo ndipo chumba cha daktari.

Jumanne hiyo mvua ilikuwa imeshika tangu mchana,
ile mvua ya mlimani isiyo na kishindo,
inayokulowesha huku unabisha kwamba hainyeshi.
Nilimfunika Bibi Anansia kanga mbili na jani la mgomba,
simu nikaivika mfuko wa sukari.
Sukari! Nacheka sasa,
maana sukari ndiyo iliyotuleta:
kidonda cha kisigino, wiki ya sita,
kimeanza kunuka kama mbege iliyosahauliwa mtungini.

Saa kumi na moja, wodi zimetulia huko Moshi mjini,
picha ikaja vipande vipande:
sikio kwanza, kisha kola,
kisha daktari mzima, nyuma yake kalenda ya benki.
"Shikamoo, bibi. Mimi Daktari Rweikiza."
Bibi kimya.
Akaniuliza mimi, siyo yeye:
"Huyu wa wapi?"
Swali likashuka mlima, jibu likapanda limechelewa:
"Wa Muleba, bibi. Ila nyumba ninayo hapa Soweto."
"Mwambie anionyeshe mikono."

Nilidhani atacheka.
Akavua saa, akainua viganja,
vikajaza kioo chote, hakuna uso wala kalenda.
Bibi akavikagua kama anayechagua mbegu ya maharage.
"Kucha fupi," akasema. "Haya. Aulize."

"Sista, gusa chini ya kifundo." Nikagusa.
"Moto au baridi?" Baridi.
"Juu ya wayo, tafuta pigo."
Nikatafuta.
Kidole changu kwenye ngozi ya bibi
kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyozimwa taa.
Subiri, daktari.
Subiri.
Kisha, kadogo, ka mbali,
kama kuku anayekanyaga majani makavu ya mgomba,
lipo. Pigo lipo.
Naye kule mjini akashusha pumzi,
nikaisikia kwenye spika, fyuuu,
ng'ombe wa Shirima akageuza shingo.

Chuoni hatukufundishwa hivi.
Chuoni mkono ulikuwa wangu, na kosa langu.
Siku hizi naazimisha.
Macho yake, vidole vyangu, maumivu ya bibi,
katikati yetu migomba isiyohesabika
na salio la shilingi mia nane.
Kuna wakati sijui ni nani aliyegusa.
Usiku nanawa, nanawa,
kama ninayetaka kurudisha kitu cha watu kikiwa safi.

"Mguu huu, kwa leo, hatuuzungumzii kukata," akasema.
"Ila msilale. Dawa itakuja na bodaboda alfajiri.
Osha asubuhi na jioni. Ijumaa nataka nimwone hapa, mwenyewe,
na asiende peku tena kule kwenye..."

Akakatika.
Akakatika ameinua mkono,
anaaga au anahesabu siku, sikujua.
Kiganja kikaganda kwenye kioo,
mistari yake imevunjika vidoadoa.
Nikainua simu. Nikapanda benchi.
Nikapanda hata ukingo wa mfongo. Wapi!

"Lete hapa," Bibi Anansia akasema.
Akaipangusa kwa upindo wa kanga,
akaweka kiganja chake, kigumu, kilichopasuka kwa jembe,
juu ya kile cha daktari.
Akakaa hivyo.
Sikumwambia kwamba hayupo.

Simu, kwa kuguswa, ikadhani imeagizwa kitu:
ikamfunga daktari, ikawasha tochi.
Mwanga ukatoka kati ya vidole vyake
ukapiga migomba, mvua, macho ya ng'ombe.

"Ona," akasema bibi, anatafuta ndara zake,
"ametuwashia taa.
Twende kabla hajaizima."