Niko Faini

Minayo ameleta kazi ya nyumbani:
neno moja la Kiingereza, limepigiwa mstari,
na chini yake amri ya mwalimu:
taja maana zote, kisha utafute visawe.
Kamusi ya darasa ni moja, watoto arobaini,
na leo imelala kwa akina Vugutsa.
Basi kamusi ni mimi,
msaga nafaka wa Luanda, unga hadi kwenye kope.

Baba, faini ni nini?

Faini, mwanangu, ni ile karatasi ya manjano
aliyoniandikia mkaguzi wa mizani Jumanne.
Alidai mizani yangu inakula gramu hamsini.
Nikamwambia haina meno.
Akazidi kuandika.
Andika nawe: elfu tatu, na risiti.

Anaingia mama Imbuhila na gorogoro mbili,
mtama na muhogo uliokauka vizuri,
binti yake amejifungua, anataka unga wa uji
usiokwaruza koo la mzazi.
Nabadilisha chekeche.
Nausugua kati ya kidole gumba na cha shahada
unateleza kama haupo.
Fundi aliyeniuzia chekeche hii kule Kisumu
unga kama huu aliuita faini.
Nilidhani ananidai.
Andika: laini.

Minayo anaandika, ulimi nje kidogo.
Mvua ya saa tisa imekatika,
jua limerudi juu ya majabali ya Bunyore,
mawe yanatoa mvuke kama sufuria.
Siku kama hii nayo, wenyewe huiita hivyo hivyo.
Watu wa ajabu: neno moja
kwa jua na kwa hakimu!
Sisi lilipotufikia
lilikuwa limeshavaa kofia ya askari,
tukalipokea hivyo, mikono juu,
hatukuuliza kama nyumbani kwao huwa linacheka.

Watoto wa barabarani ndio walioliona likicheka.
Mzungu akipita na baiskeli kuelekea Maseno
wanamkimbilia, hawayuu! hawayuu!
na kabla hajafungua mdomo wanajijibu wenyewe,
faini! faini!
kama vifaranga waliomwagiwa chenga.

Ya ngapi hiyo, baba?
Ya nne. Andika: njema.

Njema.
Hapo mkono wangu unasita kwenye swichi.
Jana saa moja jioni nilimpigia Kageha,
wiki ya tatu sasa, wadi ya wanawake, Kisumu,
kitanda cha karibu na dirisha.
U hali gani?
Kimya. Kikohozi cha mtu mwingine. Kijiko kwenye bakuli.
Niko faini.

Angesema mulembe, ningelala.
Angesema salama, ningeitafuta salama hiyo kwenye sauti yake
nikajua imepungua kiasi gani.
Lakini sijambo ni kusema huna jambo,
na mke wangu hajui kudanganya kwa lugha anayoijua.
Ndiyo maana alikwenda kukopa
neno lisilo na mizizi kifuani mwake,
akalisimamisha kati yetu
kama pazia la hospitali.

Baba, na ile ya mama?

Alikuwa anasikiliza jana. Nilidhani amelala.

Niiweke wapi? Kwenye jua, kwenye unga,
au ile ya kulipa?

Nazima mashine. Mkanda unaendelea kuzunguka
peke yake, muda mrefu kuliko kawaida.
Ruka mstari mmoja, namwambia.
Kesho Jumamosi. Tutakwenda kumuuliza mwenyewe,
na tutamuuliza kwa Kinyore.

Anaruka mstari. Anaacha nafasi kubwa,
ya vidole vitatu.

Usiku nasaga wimbi peke yangu,
naupitisha kwenye chekeche mara mbili,
naupima kilo moja kwenye mizani ileile.
Kisha naongeza konzi,
kwa ajili ya zile gramu hamsini.