Majirani wa Chumba cha Tisa

Kuta zetu hapa Kaloleni ni nyembamba:
ukipiga chafya huku, unatakiwa afya kule.
Ndivyo nilivyowajua Kavata na Musavi
kabla sijawaona sura,
mmoja kwa kikohozi cha asubuhi,
mwingine kwa kuburuta kiti hadi pembeni,
karibu na ukuta wangu,
ambako gitaa, nadhani, lilijisikia nyumbani.

Mimi ni mshonaji. Mguu wangu una mwendo wake,
na mwanzoni niliikanyaga cherehani kwa nguvu ili niwafunike.
Nilikuwa na sare arobaini za shule.
Nani ana muda wa gitaa mwezi wa kwanza?

Lakini Jumanne moja usiku
Kavata alianza chini, kama mtu anayepapasa kabati gizani,
na Musavi akaja juu yake, si juu sana,
hatua tatu hivi,
akakaa hapo.
Mguu wangu ukasimama wenyewe.

Nilihesabu watu: wawili.
Nilihesabu sauti: tatu.
Hiyo ya tatu haikutoka kooni mwa mtu.
Ilikuwa katikati, mahali pasipo na mwili,
kama joto la viganja viwili
kabla havijagusana.

Sindano ilikuwa ndani ya kitambaa. Niliiacha.

Wako wanaoimba nyimbo za wengine,
sina neno nao, nimecheza harusini hadi kiatu kikakatika.
Hawa walitunga zao,
na kutunga, nilisikia kwa masikio yangu, ni kufumua.
Wiki tatu wimbo mmoja ulikwama kwenye neno moja.
Ulimhusu mpangaji aliyehama usiku
akaacha kalenda msumarini, Agosti haijachanwa.

"Aliondoka na ufunguo," anaimba Musavi.
"Aa, ufunguo kila mtu anao."
"Aliondoka na kivuli."
"Kivuli! Wewe umeanza lini kuvaa kanzu?"
Kicheko. Nyuzi zinalegezwa, zinakazwa.
Nami huku, chaki mkononi,
nimeketi kikaoni bila mwaliko:
semeni komeo, jamani, komeo,
neno limekaa vizuri, linajifunga lenyewe.
Hawakunisikia.
Ukuta hupitisha upande mmoja tu
kwa anayenyamaza.

Jumamosi wakaimba kwenye ukumbi wa mtaa,
viti vya plastiki, kiingilio shilingi mia,
hakuna spika, hakuna taa za rangi.
Nilivaa gauni langu mwenyewe, pindo halijaisha,
nikakaa nyuma kando ya mama wa maandazi.
Walikuwa wadogo kuliko sauti zao.
Kavata ana mwanya. Musavi akipanda juu
hufumba jicho moja tu,
kama anayetunga uzi.

Wakafika pale. Nikashika kiti cha mbele.
"Aliondoka na," wakaimba wote wawili,
kisha wakaacha.
Hakuna neno.
Gitaa likapiga mara nne peke yake
na kila mtu ukumbini akajaza lake.
Mama wa maandazi alifunika beseni polepole.
Mimi, niliyekuwa sijamtaja miaka sita,
nikajaza jina.

Halafu wakarudi, ya chini, ya juu,
na ile isiyo ya mtu ikaja
ikakaa juu ya majina yetu yote
bila kuyakandamiza.

Muziki siujui. Mshono naujua:
huoni vitambaa vilipokutana,
mpaka uvute.

Walirudi saa tano usiku.
Nikasikia sufuria, maji, ubishi.
"Ulisema utanunua kiberiti."
"Wewe ndiye uliyesema."
Mmoja chini, mmoja juu,
hatua tatu hivi.
Nikawasha taa, nikaitafuta sare ya arobaini,
mkono wa kushoto,
ule niliokuwa nimeushona kinyume
Jumanne ile.