Hayawahusu

Nilimpa jina hilo makusudi, ili kila nimwitapo
jirani naye apate fungu lake.
Asubuhi na jioni, Muyuni nzima: "Hayawahusu! Njoo!"
Mama Mosi anasonya nyuma ya ua wa makuti,
na mbwa anakuja mbio, ulimi nje,
hajui kuwa yeye ni fumbo.

Kitinda mimba wa jike la Ngwali,
mwekundu wa udongo, sikio moja limechanika.
Wasasi walisema: huyu hana pua, mpe kazi ya kubwekea kunguru.
Nikamfunga kamba ya usumba, nikampeleka maweni,
kule mawe yanakong'ata viatu,
nikamwambia: Kaa.
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza njia ya Chwaka.

Mwezi wa kwanza nilitumia fimbo.
Nasema wazi, maana hakuna asiyejua.
Alijifunza haraka: alijifunza mkono wangu.
Nikiunyanyua kujikuna tu, analala kifudifudi, anajikojolea.
"Neno lako hajalisikia bado," alisema Ngwali,
"fimbo inasema kwa sauti kubwa mno."
Niliitia kwenye tanuri la chokaa,
nikaanza upya, kwa dagaa mmoja mmoja.

Kaa: dagaa. Tulia: subiri, subiri, dagaa.
Hatua moja nyuma. Mbili. Tano.
Nikifika ya sita yuko kisiginoni mwangu,
nasi tunarudi pale pale, kwenye jiwe lile lile,
kama watoto wa chuoni wanaorudishwa alifu.

Jioni Mize ananingojea nje na ndoo.
Hanipi taulo, ananihesabia:
moja, na udongo; mbili; tatu…
Mbwa hapiti kizingiti,
kifuu chake kiko mbali, chini ya mpapai.
Lakini nimemfuma, Mize huyu huyu,
akimimina maji ya mvua ndani ya kifuu hicho,
akisema bila ya kumtazama: "Kaa basi."
Naye akakaa! Kwa neno moja! Bila ya dagaa!

Siku ya mashindano uwanja wa mpira ulifurika.
Charawe walileta kumi, Ukongoroni saba;
zawadi kiroba cha mchele na kengele ya shaba.
Kukimbia, tulishindwa. Kunusa, tusizungumze.
Likabaki la kukaa: mwenyewe aondoke, asionekane,
mbwa abaki ndani ya duara la majivu
mpaka aitwe.

Kuku akapitishwa. Wanne wakatoka.
Utumbo wa papa ukatupwa. Wakatoka wengine wote,
wakabaki wawili, wangu na wa Pandu,
ikaadhiniwa alasiri.

Mwamuzi akasema: tukasali, turudi.
Nikajitwaharisha kisimani, nikihesabu kwa sauti ya Mize,
nikasimama safu ya pili. Na Mungu anisamehe:
rakaa ya kwanza nilikuwa uwanjani,
ya pili nilikuwa uwanjani,
ya tatu nikasikia mbuzi, jicho likenda dirishani,
ya nne sijui kama niliisali.

Tuliporudi, wa Pandu alikuwa amelala ndani ya duara,
usingizi wa kukoroma.
Wangu amekaa wima, anatetemeka,
siafu wamempanda mpaka kwenye goti,
na mguu mmoja umevuka majivu.
Mwamuzi akainama, akapima:
shibiri moja kasoro vidole viwili.
Kengele ikenda kwa Pandu.

Sikubisha. Nilimbandua siafu mmoja mmoja
kwa mkono huu uliotoka kuoshwa mara saba.
Watu wakaanza kutawanyika, wakikung'uta kanzu,
naye bado amekaa, macho kwangu, hapepesi,
maana amri sikuwa nimeiondoa.

Nikasimama. Nikarudi nyuma hatua arubaini,
mpaka kwenye mlingoti wa goli.
"Hayawahusu!" nikaita. "Njoo!"
Uwanja mzima ukageuza shingo,
kila mmoja akidhani ni yeye.