Tawi la Nkwimba

Saa kumi na dakika tano, Isamilo.
Nimenunua umeme wa elfu mbili,
unatosha kosa moja.
Nyuma ya nyumba jiwe limekaa juu ya jiwe
na hakuna aliyewahi kulifanyia majaribio.

Juzi niliufundisha mtambo:
lebo ikigusa shina, pima, funga, toa.
Usiniulize. Usiningoje.
Ukanitii. Hiyo ndiyo shida yake.

Mhoja alisukuma moja kwa moja shinani,
mstari mmoja tu, akiwa stendi ya Nyegezi
bando likikaribia kukata.
Mtambo ukapima nilichouagiza upime,
ukaona kijani, ukatoa mbili nukta nne,
na kulipokucha, kule Mwaloni,
kila gunia la dagaa lilikuwa na uzito wa sifuri.

Mama Nyamizi alipiga simu. Hakutukana.
"Mwanangu, simu inasema sina dagaa.
Haya ninayoyakalia ni nini?"

Nikaenda kwenye matawi. Arobaini na moja:
jaribio, jaribio-tena, jaribio-la-mwisho-kweli.
Nikafyeka. Amri moja,
halikudondoka hata jani.

Nikakwama kwenye moja: gunia-likilowa.
La Nkwimba, wa Ukerewe, miezi kumi na mmoja iliyopita.
Nilimjibu, "Nitaliangalia wiki hii,"
na wiki hii ikabaki kuwa wiki hii.
Ndani, mistari saba.
Uzito ukija sifuri, usiamini, uliza tena.

Lilikuwa nyuma ya shina hatua mia mbili.
Nikalivuta kwa mkono, mgongano baada ya mgongano;
alipoandika kilo mimi nilishabadili kuwa uzito,
nikaliacha neno lake.
Mstari mmoja nikautupa: punguza maji.
Nilidhani utani.

Kisha nikalitia shina komeo:
hapiti mtu bila macho ya mwenzake,
hata mimi. Hasa mimi.
Orodha ya mabadiliko mtambo huiandika wenyewe,
ila jina la Nkwimba nimeliandika kwa vidole.

Mbili nukta nne nukta moja.
Kijani. Kijani. Njano inazunguka, inazunguka.
Kijani.

Nimemwandikia: limeingia, nisamehe.
Tiki moja. Ya pili bado.

Saa moja na nusu, simu.
"Sasa limerudi, kilo thelathini na mbili,"
asema Mama Nyamizi. "Lakini toa mbili.
Mvua ilinyesha usiku, hayo ni maji."