Kioo cha Nyuma

Alikuja Jumanne, saa ya vumbi,
pikapu yake nyeupe imeshika rangi ya Kizota.
"Mbukwa, dada fundi," akasema, kisha akanyamaza
kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake.
Kwenye kiti cha abiria, ndani ya blanketi,
kioo cha vipande vitatu, cha katikati kinatembea.
Kimekatwa kwenye gari lililopinduka, sijui wapi,
na utingo amekipakata usiku kucha kutoka Gerezani.

"Nataka kifunguke kwa swichi.
Mkono usitoke mbali na usukani."

Nikamwambia: kaka, gari hili halikuzaliwa nacho.
Kiwandani walilipa kioo kimoja, kizima, bubu.
Halina waya wake, halina relei, halina hata tundu.
Itabidi nitoboe.
"Toboa."

Raba ya zamani ilikuwa ngumu kama ngozi iliyosahauliwa juani.
Nikaikata kwa wembe, nikalala chali kitini
kama mwanamke aliye leba,
nikasukuma kwa nyayo mbili mpaka kioo kikakubali.
Nyuma yake, kwenye mfereji wa bati,
vumbi la Bahi, vumbi la Kongwa, vumbi la Hombolo,
tabaka juu ya tabaka,
na punje moja ya zabibu iliyokauka ikawa jiwe.
Nikaipuliza ikaanguka.
Yeye akaiokota.

Hapo ndipo aliponieleza, bila kunitazama:
mwaka jana, mavuno ya Agosti, kreti arobaini,
na mdogo wake Ndahani juu yake, azishike zisicheze.
Kwenye kona ya Veyula kreti zikahama,
zikamkalia mguu.
Akagonga kioo.
Akagonga.
"Nikadhani ni jeki. Ile jeki hucheza.
Nikaongeza redio."
Akaigeuza ile punje kati ya vidole.
"Mpaka Msalato."

Sikuwa na la kumwambia, nikashika koleo.
Waya mwekundu nikaupitisha chini ya zulia,
mweusi nikaufunga kwenye bodi,
pale nilipokwangua rangi hadi chuma kikacheka.
Fyuzi ya kumi. Relei chini ya dashibodi.
Kisha kamba ndani ya mdomo wa raba, na povu la sabuni ya mche:
Yeremia anasukuma kwa nje, mimi navuta kamba kwa ndani,
kidogo, kidogo tena, usiharakishe we mtoto,
na mdomo wa raba ukapanda juu ya bati
kama mgonjwa anayekubali kijiko.

Mara ya kwanza nikabonyeza kufungua
kikajikaza kufunga, kikaguna.
Nimegeuza nyaya! Miaka kumi na moja kwenye kazi hii.

Saa kumi na moja bodaboda ikamleta Ndahani.
Akapanda nyuma kwa mguu mzima, akauvuta ule mwingine.
Hawakusalimiana, au walisalimiana nisione.
Kaka mtu akakaa kwenye usukani, akabonyeza.
Mota ikanguruma kwa pua, kioo kikatambaa,
pengo likafunguka: viganja viwili, si zaidi.
Mtu hapiti hapo.

Tukangoja.
Upepo ukaingia kwanza, kama kawaida yake hapa mjini, bila hodi.
Kisha Ndahani akainama, uso wake ukajaa pengoni.
"Redio yako," akasema,
"kumbe ni mbovu hivyo."

Kaka yake hakucheka. Aliizima.
Akafunga kioo, akafungua, akafunga, akafungua,
nami nikitaka kusema mota za mtumba hazipendi mchezo huo,
nikauma ulimi.

Wameondoka na deni la elfu thelathini.
Kioo wamekiacha wazi, na vumbi lote hili.
Kiganjani imenibakia skrubu moja:
sijui ni ya gari, sijui ni ya kioo.
Nimeitia mfukoni.
Ikidaiwa, ipo.