Mstari Mzima

Saa tisa usiku tumefunga nusu ya njia:
koni sita, taa moja, rangi inatokota jikoni.
Mimi na Lushinge tunashuka kutoka Buhongwa
tukivuta weupe katikati ya lami.

Penye tambarare mkono wangu ni mwepesi:
kipande, nafasi, kipande.
Kukiwa peupe mbele, na nyuma hakuna aliyeanza kukupita,
washa taa ya kulia, pita,
rudi kushoto kwako.
Sidai zaidi.

Ila kona hii ina jiwe
kubwa kuliko nyumba ya mwenye kiwanja.
Hapa sikati.
Mstari unakwenda mzima hadi mlima uishe.

"Kwani rangi itamzuia nani?" Lushinge anauliza.
Kweli. Unene wake haufiki ukucha.

Palikuwa na dereva wa kirikuu
aliyechoka kunusa Fuso la dagaa tangu Mkuyuni.
Akaona dakika nne zinampotea.
Akachungulia. Akatoka.
Nyuma ya jiwe alikuwa akija mtu na baiskeli,
mikungu mitatu ya ndizi,
kwenye upande wake, upande wake kabisa.

Miezi saba Bugando nilihesabu mapanga ya feni.
Goti halikurudi.
Mke wa yule mtu anauza Nyegezi, karibu na stendi.
Nanunua kwake kila Jumamosi,
bei yoyote anayotaja.
Hajaniuliza jina.

Kaza kamba, Lushinge.
Ukiyumba wewe hapa,
kuna mtu ataamini.