Pindo la Sentimita Mbili

Sentimita mbili, Nyevu.
Upana wa kidole changu hiki
chenye sugu ya mkasi.

Ndizo zilizotutenga miaka sita,
tangu ile Jumamosi ya shule za msingi
kule Barani, tulipoangukia magunia
yaliyoshindiliwa makumbi ya nazi,
na ufito wetu ulikuwa mwanzi uliopakwa chokaa,
umelazwa juu ya misumari miwili.

Mimi nilivuka kimkasi, mguu huu, kisha ule,
kama alivyotufunza mwalimu Thoya.
Wewe ukatokea upande usiotazamwa na mtu,
ukaupa mwanzi mgongo kama mke aliyenuna,
ukaenda chali.
Watu walicheka. Mama yangu
alicheka hadi buibui likamvuka bega.
Kisha wakautazama mwanzi.
Umetulia.

Ubaoni wakaandika kwa chaki:
Nyevu Karisa, wa kwanza. Barke Shee, wa pili.
Chaki ile ilifutwa siku hiyo hiyo.
Mimi ndiye sikufutika.

Mita moja na arobaini na tisa, wewe hamsini na moja.
Sitini, wewe sitini na mbili.
Nikila mayai, unaongeza.
Nikipanda ngazi za msikiti wa Ijumaa mara mia
alfajiri, kabla waswalio hawajafika,
unaongeza.
Na nikwambie leo, maana tumeshakuwa watu wazima:
kila ulipoanza kukimbia ule mkunjo wako
nilikuwa naomba. Dua fupi.
Kisigino tu, Mola wangu. Kiguse tu.

Walipovumisha kwamba umefunga hirizi kiunoni
sikuusema uvumi ule.
Wala sikuukana.

Nairobi, kwenye uwanja wa raba nyekundu,
Jerop, yule mrefu wa Eldoret, alituangalia akasema:
"Nyinyi wa pwani mnaruka kama mnaogopa kulowa."
Mimi nilikuwa nimeshatolewa, nimejifunika taulo.
Ulibakiwa na jaribio moja.
Ulipopita juu ya sabini na tisa
ufito ulitetemeka, ukatetemeka,
nami nikajikuta nimesimama, taulo chini,
naupigia ufito kelele: Kaa! Kaa hapo!
Ukakaa.
Usiku ule nililia, na mpaka leo sijui
nilikuwa nalilia upande gani.

Kisha ukaja mwaka goti lako lilipovimba kama dafu.
Nilishinda. Sabini na moja,
kimo ulichokuwa ukikiruka ukipasha mwili.
Nikapanda jukwaa la juu, nikaliona jembamba.
Nikageuka kukutafuta, nikamkuta
msichana wa Voi, simjui,
amesimama mahali pangu.

Medali nilimpa mdogo wangu akachezea, ikapotelea mchangani.
Siku hizi shingoni huvaa futi.
Kutwa nzima napima: mabega, viuno, nyonga,
watu wote wa Majengo nawajua kwa sentimita.

Leo umeingia, unachechemea kidogo,
umemshika mkono binti wa darasa la nne.
"Sare," umesema. Kisha umenitazama,
ukavuta kiti bila kukaribishwa.
"Bado wanakata kimkasi?"
"Bado wanakuja chali?"
Tumecheka mpaka cherehani ikanyamaza.

Nimempima Dama wako.
Kutoka kiunoni hadi gotini nimepima mara mbili,
nikidhani futi imedanganya.
Wewe ukachungulia dirishani, ukasema polepole:
"Usimkatie fupi, Barke. Huyu anakwenda juu."

Sikukujibu. Nyuzi zilikuwa mdomoni.
Nimemkunjia pindo kwa ndani,
sentimita mbili, mshono mlegevu.
Zimekaa kwangu siku nyingi.
Akirefuka, mlete
nizifumue.